Muhamadi Kijuma, mzee wa Lamu aliyeishi kwa mikono yake



Mwana Kupona tunamjua sote. Hata yule ambaye hajaushika utenzi wake mkononi amesikia kwa bibi yake kwamba palikuwa na mama mmoja wa Pate, mgonjwa, aliyeona siku zake zimekaribia, akamwandikia binti yake wosia wa namna ya kuishi na Mola wake, na watu, na mume. Ulikuwa mwaka 1858. Binti mwenyewe ni Mwana Hashima. Tukikaa kwenye kahawa yetu tunabishana juu ya wosia ule mpaka kahawa inapoa: mmoja anasema umemfunga mwanamke, mwengine anasema hatujausoma vizuri.

Leo nataka tuache ubishi ule kidogo tuulize jambo jengine. Wosia ule umetufikiaje? Mwaka 1858 hapakuwa na mtambo wa kuchapia vitabu Pate wala Siyu. Palikuwa na karatasi, na karatasi visiwani kwetu mnazijua: unyevu, chumvi ya bahari, mchwa, panya. Kitabu unachokiacha kwenye kasha leo, mjukuu anakikuta unga. Alice Werner, bibi wa Kiingereza aliyejifunza lugha zetu, alipouchapisha utenzi ule mwaka 1917 ulikuwa na umri wa karibu miaka sitini, na ulipotoka tena kama kitabu mwaka 1934, kwa kazi yake yeye na William Hichens, ulikuwa umepita miaka sabini na zaidi. Katikati hapo kuna watu. Kuna Mwana Hashima mwenyewe, aliyeishi mpaka uzeeni. Kuna wanawake waliouhifadhi kwa moyo wakaufundisha watoto wao. Na kuna wanakili, watu wa kalamu, walioketi mkekani wakaandika neno kwa neno ili karatasi mpya ichukue nafasi ya ile iliyooza.

Katika wanakili hao mmoja ni Muhamadi Kijuma wa Lamu (wengine humwandika Kijumwa), na ndiye ninayetaka kumkumbuka leo. Si kwa kunakili peke yake. Mzee huyu alikuwa mshairi, mwandishi wa khati, mchonga milango, mpigaji ala, mwimbaji na mchezaji wa gungu, na mwalimu wa Kiswahili kwa wageni. Kama mna mzee katika ukoo wenu ambaye kila kitu kikiharibika huitwa yeye, mtamfahamu mara moja.

Alizaliwa Lamu karibu mwaka 1855 na akafa mwaka 1945. Hiyo ni miaka tisini hivi, na si miaka tisini ya kawaida. Wakati anazaliwa, Sayyid Said bin Sultan bado alikuwa hai, na askari wake walikuwa katika ile ngome ya Lamu mnayoiona mpaka leo. Mwana Kupona alipoandika wosia wake, Kijuma alikuwa mtoto wa miaka mitatu hivi, ng'ambo tu ya maji. Wakati anakufa, vita vikuu vya pili vya dunia vinakwisha. Kati ya hapo na hapo alipitiwa na masultani kumi wa Unguja, ukimhesabu na Khalid aliyekaa kitini siku chache tu mwaka 1896. Aliwaona Wajerumani wakija, wakajitwalia Witu upande wa bara, wakafungua posta yao Lamu mwaka 1888, kisha wakaondoka baada ya mkataba wao na Waingereza wa mwaka 1890. Aliwaona Waingereza wakiichoma Witu mwaka huo huo.

Nayataja haya kwa sababu yanagusa tumbo la mtu, wala si ya vitabuni tu. Lamu aliyozaliwa Kijuma ilikuwa na fedha. Palikuwa na majahazi, palikuwa na mashamba ya bara, na mashamba yale, tusiyafiche, yalilimwa na watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku katika himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki mwaka 1907. Reli nayo ilikuwa imeanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na biashara ikaifuata reli. Lamu ikabaki pembeni. Waungwana waliokuwa wakiagiza milango na vitabu wakaanza kuhesabu pesa. Mimi naona, na hii ni rai yangu, kwamba fundi aliyekuwa na kazi moja tu katika mji ule alikuwa na shida, na kwamba wingi wa kazi za Kijuma ni kipaji, ndiyo, lakini pia ni riziki. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Tuanze na milango, maana hiyo hata asiyesoma anaiona.

Mlango wa kwetu una mbao mbili, na katikati una mfaa, ule mti wa kusimama uliopigiliwa kwenye ubao mmoja ili ukiufunga mlango ufunike mwanya. Juu kuna kizingiti. Pembeni kuna miimo. Nakshi hukaa kwenye mfaa, kwenye kizingiti na kwenye miimo, na kila sehemu ina kanuni yake. Mti mzuri ni mgumu, kama mbambakofi, na mti mgumu hausamehe: patasi ikiteleza mara moja, maua ya wiki nzima yameharibika. Kijuma alikuwa stadi wa kazi hii kiasi kwamba wataalamu wa milango ya pwani wanazungumzia milango ya Kijumwa kama aina peke yake, kama vile wanavyozungumzia ya Kibajuni au ya Unguja. Ni wangapi katika mafundi wetu ambao kazi yao inaitwa kwa jina lao baada ya kufa?

Na sisi wanawake tuna sehemu yetu katika milango hiyo. Kwa waungwana wa Lamu, desturi ilikuwa baba kumpa binti yake nyumba anapoolewa, au kumjengea ghorofa juu ya nyumba ya wazee. Mume ndiye aliyehamia. Ukiangalia nyumba ya Lamu, basi, unaangalia nyumba ya mwanamke: zile zidaka za chokaa ukutani, na mlango wa mbele pia. Fundi aliyekuwa akichonga mlango mara nyingi alikuwa akimchongea bibi harusi.

Sasa kalamu.

Kunakili utenzi kwa herufi za Kiarabu si kazi ya kuandika haraka haraka. Kiarabu kina irabu tatu, Kiswahili kina tano. Herufi moja ya b iliweza kusimama kwa b na kwa p, kwa hivyo neno pata na neno bata yangeweza kuandikwa sawasawa. I na e, u na o, zilichanganyika: pita na peta, kula na kola. Msomaji wa zamani alikuwa anaujua utenzi kwa moyo, herufi zilikuwa zinamkumbusha tu. Lakini mgeni aliyeko London, au mjukuu aliyezaliwa miaka mia baadaye, atafanya nini? Hapo ndipo thamani ya mwandishi mwangalifu ilipo. Kijuma aliandika kwa khati iliyotulia, akaweka irabu zake, akapanga beti zake, na kazi nyengine akazipamba kwa mapambo ambayo ukiyaona utasema, aa, huyu ni mchonga milango. Mkono ni ule ule. Maua ya kwenye kizingiti yamehamia kwenye karatasi.

Kwa mkono huo alinakili wosia wa Mwana Kupona. Kwa mkono huo alinakili Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi wa yale majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na mazulia na sasa yana popo na bundi, na Hichens alipoutoa kama kitabu mwaka 1939 alitumia nakala ya Kijuma. Hebu pigeni hesabu. Mwaka huo mzee alikuwa na zaidi ya miaka themanini. Wengi wetu tukifika hamsini tunasema macho hayaoni tundu la sindano.

Hii kazi aliifanya kwa malipo, na watu wengine wanaposikia hivyo hukunja uso, kana kwamba kipaji kikilipwa hupungua baraka. Sikubaliani nao. Barua zake kwa Werner na kwa Hichens zimehifadhiwa London, katika maktaba ya chuo cha SOAS, na zinamwonyesha mtu wa kazi. Mtu aliyevuka miaka themanini na bado anakula jasho lake hana cha kuonea haya. Tena mimi humwona alikuwa mjanja kwa maana nzuri ya neno: aliona kwamba wageni wanavitaka vitu ambavyo mji wenyewe ulikuwa umeanza kuvisahau, akavitafuta, akavinakili na kuvituma. Kama angekaa akingoja heshima ya bure, nusu ya vile tulivyonavyo leo visingekuwepo.

Na ngoma je? Mzee alikuwa mtu wa ngoma, hilo halifichiki. Alicheza gungu, ile ngoma ya wakubwa yenye mashairi ya mafumbo, na alipiga ala za nyuzi. Katika historia za taarabu inasimuliwa kwamba ujanani mwake mtawala wa Witu alimtuma Unguja akajifunze muziki uliokuwa ukipigwa kwa masultani, naye akarudi nao Lamu. Kama ndivyo, basi na sisi tunaokaa harusini tukisubiri kutunza tuna deni kwake.

Lakini kazi yake iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile aliyoitunga mwenyewe mwaka 1913: Utenzi wa Fumo Liyongo. Hapo alikuwa na umri wa karibu miaka sitini.

Kisa cha Liyongo kilikuwa cha zamani sana pwani, kabla ya babu yake Kijuma. Nyimbo zinazosemwa ni za Liyongo zilikuwa zikiimbwa, watu walikuwa wakisimulia vipande vipande. Kijuma alikikusanya kisa na kukitia katika utenzi mmoja, beti zaidi ya mia mbili. Werner, ambaye alikuwa pwani miaka hiyo, baadaye aliandika juu ya Liyongo katika jarida la chuo cha London mwaka 1926. Tangu hapo kila mwanafunzi wa fasihi anayesoma habari za Liyongo, akijua asijue, anapita mlangoni kwa Kijuma.

Kwa wale waliosahau, Liyongo alikuwa shujaa mrefu, mwenye nguvu zisizo na mfano, mshairi na mpiga mishale. Mtawala wa Pate alimwogopa, akamtia gerezani ili auawe. Nani alimwokoa? Mama yake. Mama alioka mikate mizuri na mkate mmoja wa pumba, na ndani ya ule wa pumba akaficha tupa. Kijakazi Saada akaipeleka. Askari, walafi, wakala mikate mizuri na kuucheka ule wa pumba wakamwachia mfungwa. Usiku Liyongo akaomba watu waje wachezewe gungu, na ngoma zilipopamba moto, zikizima kila sauti, yeye ndani anakata minyororo. Mtu anayekisimulia kisa hiki alikuwa mwenyewe mchezaji wa gungu. Alijua kelele ile ni kubwa kiasi gani.

Mwisho wake mnaujua. Hakuna silaha iliyoweza kumdhuru Liyongo isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo aliitoa kwa mwanawe mwenyewe. Mwana alikuwa ameahidiwa ukubwa na mtawala. Akamchoma baba yake usingizini. Liyongo akaamka na uchungu wake, akaenda na upinde na mishale mpaka penye kisima, akapiga goti, akafa katika hali hiyo hiyo, mshale uko kwenye uta. Watu wa mji wakamwona kwa mbali wakadhani yu hai, wakaogopa kuteka maji. Siku zikapita mji una kiu. Nani akaenda kumsogelea na kumbembeleza? Mama yake tena.

Nikikisoma kisa hiki naona jambo ambalo walimu shuleni hawakutuambia. Walitufundisha ushujaa na usaliti. Hawakusema kwamba katika kisa kizima mtu mwenye akili kuliko wote ni mama, mwenye ujasiri kuliko wote ni yule kijakazi aliyepita mbele ya askari na tupa mkateni, na kwamba kidonda chenyewe ni cha baba na mwana. Baba mwenye kila kipaji, na mwana ambaye hakurithi hata kimoja ila tamaa.

Sasa wekeni hilo kando ya utenzi mwengine wa Kijuma, uitwao Siraji. Siraji ni taa. Utenzi huu aliutunga kumuusia mwanawe aitwaye Helewa, namna ya kushika adabu, dini na maisha na watu. Yaani mtu yule yule aliyenakili wosia wa mama kwa binti yake aliamua kwamba na mtoto wa kiume naye anahitaji wosia. Hili linanifurahisha mno. Siku zote tunaambiwa wasia ni wa mabinti: kaa hivi, ongea hivi, mpokee mumeo hivi. Mtoto wa kiume huachwa ajifunzie barazani. Kijuma alikuwa amekwisha kutunga habari za Liyongo, akaona nini humpata baba aliyemwambia mwanawe siri bila ya kumlea. Sisemi kwamba alikuwa na hofu na Helewa. Nasema tu kwamba ukizisoma tenzi hizi tatu pamoja, Mwana Kupona, Liyongo na Siraji, utaona zinazungumza: mama na binti, mama na mwana na mjukuu, baba na mwana. Na zote tatu zimepita mkono mmoja.

Nimelikwepa jambo moja kwa makusudi, lakini haifai kulikwepa mpaka mwisho.

Katika maandishi yake ya wakati ule wa Werner, mzee amejitia sahihi "Kijumwa Masihii", yaani Mkristo. Alikuwa na uhusiano na wamisheni wa Kijerumani wa Neukirchen, waliofika upande wa mto Tana mwaka 1887. Na hii ni Lamu, wapenzi. Lamu ya misikiti kila kichochoro, katika miaka ile ile ambayo Habib Swaleh alikuwa akiijenga Riyadha kuwa chuo cha kuendewa kutoka pwani nzima. Jina lile chini ya karatasi halikuwa jambo jepesi katika mji mdogo ambao kila mtu anajua umekula nini jana. Ongeza na ngoma, ongeza na urafiki na Wazungu, utaelewa kwa nini mtu mwenye vipaji hivi hatajwi kwetu kama anavyostahiki. (Na kwa ngoma tuwe waadilifu: Habib Swaleh mwenyewe alilaumiwa na baadhi ya wanavyuoni kwa matari ya maulidi yake, yale yale ambayo leo watu hupanda boti na ndege kwenda kuyashuhudia Lamu.)

Mimi sikupewa kazi ya kumhukumu mtu aliyekufa kabla ya mama yangu kuzaliwa. Ya moyoni anayajua aliyemuumba. Ninachokiona mimi ni karatasi, na karatasi zinasema jambo la ajabu kidogo: mtu aliyejiita Masihii akiendelea kunakili, kwa uangalifu na mapambo, tenzi zinazoanza kwa jina la Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume. Wengine watasema alifanya kwa pesa. Lakini pesa inaweza kumnunua mtu aandike, haiwezi kumnunua aandike vizuri namna ile. Nadhani alizipenda. Alizaliwa ndani yake, zilikuwa lugha ya mama yake, na jina lolote alilojipa haliwezi kufuta hilo.

Kuna jambo jengine linaloniuma kidogo. Kazi nyingi za kalamu yake haziko Lamu. Ziko London, kwa sababu ya Werner na Hichens. Ziko Ujerumani, kwa sababu ya Ernst Dammann, aliyefika Lamu katikati ya miaka ya 1930 pamoja na mkewe, akafanya kazi na mzee huyu na mwaka 1940 akatoa kitabu kikubwa cha tenzi za Kiamu. Waliomwandika Kijuma mwenyewe nao waliandikia mbali: Abou Egl alifanya utafiti mzima juu ya maisha na kazi zake huko London, akaukamilisha mwaka 1983, na mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke wakatoa Ujerumani kitabu chenye maandishi yake. Nikiona hivyo najiuliza kama ni afadhali ziwe mbali na salama, au ziwe nyumbani na zioze. Bibi mmoja wa Unguja niliyemuuliza alinijibu kwa swali: kwani hapa nyumbani tulizishonea mfuko? Nilinyamaza.

Lakini si kila kitu kilisafiri. Mlango hauwezi kutiwa katika bahasha. Lamu mji wa kale, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, bado una milango ya kuchonga katika vichochoro vyake, na bado una vijana wanaoketi nje ya karakana na patasi na nyundo ya mti, mbao imelala mapajani, maua yanatoka moja moja. Mkienda, pitieni makumbusho, kisha tembeeni kwa miguu bila ya haraka asubuhi kabla jua halijapanda. Mkiona kizingiti chenye maandishi, msikipite. Simameni, muombeni mtu wa nyumba hiyo awasomee. Mara nyingi atakayetoka ni mama, na nyumba ni yake.